Kanga Niliyoikata Bila Kuisoma

Mimi ni mtu wa Mombasa, na mtu wa Mombasa akiona kanga husoma jina lake kabla hajamsalimia aliyeivaa. Ndivyo tulivyolelewa. Jirani akipita mlangoni kwetu Kisauni na kanga mpya, mama yangu alikuwa akiniita nitoke jikoni upesi nimsomee inasema nini, kisha yeye mwenyewe akamalizia kwa kuniambia inamsema nani. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia msiyaone madogo. Nilichukua mkasi nikakata kanga ya wenyewe vipande vinane, sikusoma hata herufi moja, na kanga yenyewe haikuwa ya kwenda kununua nyingine dukani.

Ilikuwa Jidda, mtaa wa Safa, katika nyumba ninayofanya kazi mpaka leo. Nyumba hiyo ina Bibi, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Saudia na wazazi wake akiwa na miaka saba, baada ya mapinduzi. Kiswahili chake ni kilekile alichoondoka nacho. Binti yake ndiye madam wangu. Kiswahili anakielewa chote, lakini hukijibu kwa Kiarabu. Halafu kuna mjukuu, msichana anayesoma falsafa chuo kikuu huko Riyadh, ambaye huzungumza Kiswahili cha kuungaunga alichookota kwa bibi yake na kwangu. Ananiita hala, yaani mama mdogo. Kwenye ikama yangu, yaani kibali cha kuishi Saudia, imeandikwa kwamba mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, lakini ukweli ni kwamba kazi yangu kubwa ni kubishana na Bibi. Katika nyumba nzima hakuna mwingine anayejua kumjibu akianza utani.

Basi mjukuu alikuja likizo ya wiki moja, akaja na Wagiriki wake. Alikuwa ameombwa kuzungumza kwenye mkahawa mmoja wa vitabu Riyadh, juu ya wanawake washairi na wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na woga ulikuwa umeshamwanza. Akaamua kufanya mazoezi jikoni, mbele yangu. Nadhani alinichagua kwa sababu nilikuwa na vitunguu motoni na nisingeweza kukimbia.

Wa kwanza alikuwa mshairi wa kisiwani, mpiga kinubi, ambaye watu wa zamani walimhesabu miongoni mwa wakubwa kabisa. Inasemekana mashairi yake yalijaza magombo tisa. Leo limebaki shairi moja tu zima.

"Na mengine?" nikauliza.

"Vipande, hala. Mstari mmoja. Nusu mstari. Pengine neno moja tu."

"Yalikwenda wapi?"

Akaniambia kwamba watu waliacha kuyanakili, yakaoza. Vipande vingine vimefukuliwa Misri kwenye jaa la taka, na vingine vimebanduliwa kwenye maganda ya maiti wa kale, kwa sababu mafundi wa mazishi walikuwa wakichukua karatasi kuukuu, wanazigandisha, wanamfunika nazo marehemu. Nikaacha kukoroga.

"Walimvika maiti shairi?"

"Hawakujua. Walihitaji karatasi."

"Hawakusoma kwanza?"

"Hawakusoma."

Nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na kosa hata moja duniani, kwamba mtu anayetumia kitu bila kusoma kilichoandikwa hana adabu. Mjukuu akakubaliana nami. Wote wawili tulikuwa na siku mbili tu za kuendelea kujiona watu wa maana.

Akaendelea. Kulikuwa na msichana aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa, aliyekuwa ameandika shairi refu la kumlilia rafiki yake wa utotoni. Ndani yake kuna wanasesere na michezo yao ya uani, na mama mkali anayegawa sufu ya kusokota. Huyo nilimpenda, maana mama mkali namfahamu. Kulikuwa na mwanamke wa Misri, mwalimu wa hesabu na nyota, aliyefundisha wanaume darasani na mwisho wake ukawa mbaya. Kulikuwa na kuhani wa kike ambaye inasemekana ndiye aliyemfundisha mwanafalsafa mkubwa kuliko wote maana ya mapenzi, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama kweli aliwahi kuwepo. Hapo nilicheka. Kwetu pia mwanamume akifundishwa jambo na mwanamke, haichukui muda mwanamke huyo hakuwahi kuwepo.

Aliyenikera ni mmoja aliyekataa wachumba wenye mali akaolewa na mwanafalsafa fukara, wakawa wanazurura mjini na joho moja tu kila mtu. Bwana mmoja alipomcheka kwamba amekimbia kitanda cha kufumia nguo, alimjibu akimuuliza kulikuwa na ubaya gani kutumia wakati huo kujifunza. Mjukuu alilisema hilo macho yakimng'aa. Mimi nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu mshairi wa kwanza.

"Na nani alikuwa akiwafulia?"

Akaangalia karatasi zake, akaangalia vitunguu.

"Vijakazi, labda," akasema. "Majina yao hayajulikani."

"Wala mashairi yao."

"Wala mashairi yao," akasema polepole, akaliandika swali langu pembeni mwa karatasi. Nilijisikia vizuri mpaka wakati wa chakula.

Sasa, kuna jambo lililosemwa siku iliyofuata nikiwa soko la samaki na dereva, na kama ningekuwepo, kisa hiki kisingekuwepo. Mjukuu alikuwa akimweleza Bibi habari za wale Wagiriki wake, naye Bibi akamwambia, bila kuinua macho kwenye tasbihi, kwamba mama yake pia alikuwa mtunzi. Zamani Unguja, akasema, wanawake walikuwa wakibuni maneno, wanayapeleka kwa mfanyabiashara wa kanga, na yakimpendeza anayatuma kuchapishwa. Maneno ya mama yake yalipendeza. Yakarudi yamekuwa kanga. Walipoondoka, mama mtu alikuja na kipande kimoja, na kipande cha pili akaachiwa shangazi, ambaye naye alishakufa na mambo yake yakatawanyika. Madam alikuwa akiisikia hadithi hiyo tangu utotoni na siku zote aliihesabu ni hadithi. Kanga hata hivyo ilikuwepo, chini kabisa ya sanduku la Bibi. Bibi mwenyewe alikumbuka mwanzo wa maneno tu. Ana mtoto wa jicho, hasomi tena, na huko nyuma alipokuwa akisoma hakuona haja ya kuyahifadhi, kwa kuwa yalikuwa sandukuni.

Mjukuu akaomba amalizie mazungumzo yake ya Riyadh kwa kanga hiyo. Bibi alifurahi kwa namna aliyoificha vibaya. Akaahidi kuipeleka Riyadh mwenyewe. Kisha akaitoa sandukuni, akaiona inanuka uvundo, akaitia kwenye kapu la nguo za kufua. Hakuniambia, na kwa nini aniambie? Kanga ikiwa kapuni hufuliwa.

Alhamisi asubuhi mimi na madam tuligombana kwa sababu ya kilineksi, zile karatasi laini za kufutia. Alisema namaliza maboksi kana kwamba nayala. Nikasema nyumba ina vioo ishirini na vumbi la bure. Akasema, "Halas, kuanzia leo mafi kilineksi jikoni," yaani basi, hakuna tena. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikaenda kwenye kapu nikimnong'oneza mtu asiyekuwepo kwamba kama ni matambara, basi leo watayaona matambara. Mkono ukaangukia kanga kuukuu, imechakaa mpaka unaona mwanga ng'ambo ya pili, kipande kimoja kisicho na mwenzake, imekunjwa ndani nje. Kwetu kanga ikifika hapo imeshamaliza kazi ya kuvaliwa. Huwa ya kubebea mtoto, kisha ya kupigia deki, na hakuna anayeilaumu. Miwani yangu ilikuwa chumbani, na hata ingekuwa mfukoni nisingeivaa, kwa sababu huivaa nikiwa peke yangu tu. Nikakata. Mkasi ulipita kwa raha sana, nakumbuka.

Vipande vinane. Vitano nikavipanga kwenye droo ya jikoni. Viwili nikampa dereva wa gari, ambaye siku zote alikuwa akiniomba. Cha nane nikakifungia chupa ya achari ya embe, nikampa mjukuu aliyekuwa akirudi Riyadh kesho yake, ili amfikishie rafiki yangu wa Shumaisi, mtaa wa huko, Mkenya mwenzangu wa Nakuru tuliyekuja naye ndege moja. Mjukuu akaipakia chupa begini, katikati ya karatasi zake za Wagiriki, akaenda zake.

Jumamosi Bibi akaniuliza, "Ile kanga yangu ishakauka?"

"Kanga ipi, Bibi?"

"Niliyoitia kapuni. Kuukuu. Ya mama'angu, yenye maneno yake. Naipeleka Riyadh."

Nikamjibu haraka kwamba bado, ina unyevunyevu. Nilisema hivyo Jidda, mahali ambapo nguo hukauka ukiwa bado unatafuta vibanio. Bibi akanitazama kwa lile jicho lake moja linaloona kidogo, akasema, "Haya." Siku ya pili nikasema naipiga pasi. Siku ya tatu nikasema nimeshaitia kwenye sanduku la safari, na hilo angalau lilikuwa kweli, isipokuwa sikusema ina hali gani.

Siku ileile ya kwanza nilijifungia bafuni nikampigia mjukuu simu. Nilimweleza yote, kilineksi na mkasi na dereva. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea, anacheka, anacheka mpaka anakohoa.

"Hala, umefanya kama wale wa Misri."

"Najua nilichofanya. Usinikumbushe."

"Usitupe hata uzi. Na usishone. Wataalamu hawashoni, wanapanga tu. Tafuta maneno."

Nikavaa miwani, nikatandaza vile vitano mezani jikoni. Vinne vilikuwa pindo na maua tu. Cha tano kilisema MLISEMA SITAPIKA. Nilikaa kitini. Sikuwahi kumwona yule mama, alikufa kabla sijazaliwa, lakini nikamsikia mwanamke amesimama mlangoni mkono kiunoni. Nikashuka kwa dereva. Alikuwa akifutia kioo cha mbele kipande chenye MBONA MMEKUJA, na sikumwomba, nilikinyakua. Akaniuliza kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza kama sasa hata gari halifutwi. Nikamwambia yalla, afute kwa kile kingine chenye maua. Kisha nikageuka nikakichukua na hicho.

Maneno hayakuwa yameisha. Ukingo wa kulia ulikuwa umekatwa, na mwisho wa maneno ulikuwa Shumaisi, umefunga achari. Wanawake wawili, mimi niliyekata na mjukuu aliyebeba, tulikuwa tumeyasafirisha bila kujua. Na hapa ndipo nilipoacha kuogopa kufukuzwa kazi nikaanza kuogopa kitu kibaya zaidi. Kazi ningepata nyingine. Lakini maneno hayo hakuna kichwa duniani kilichokuwa nayo yote, na kama rafiki yangu alishayatupa, basi mimi ndiye ningekuwa mtu wa mwisho kuyashika, na sikuyasoma.

Nikampigia. "Kile kitambaa cha achari unacho?"

"Kitambaa? Achari ndiyo iliisha jana hiyo hiyo, aki ilikuwa tamu," akasema. "Hiyo kitambaa niko nayo. Naepulia sufuria."

"Usiepulie tena. Usifue. Usikiguse."

"Wewe, uko sawa kweli? Si ni kitambaa tu."

Nikamwambia akiweke mahali pasipo moto, na kwamba nitakuja mwenyewe. Nilitakiwa kwenda hata hivyo, kwa kuwa Bibi hasafiri bila mimi. Tukapanda ndege ya asubuhi, Bibi dirishani akilalamika kwamba siku hizi chai ya kwenye ndege ni maji ya kuoshea vikombe, mimi katikati na vipande saba vya kanga yake juu ya vichwa vyetu, kwenye begi. Alizungumza njia nzima juu ya mama yake. Alikuwa na furaha, na kila alipofurahi ndivyo nilivyozidi kujikunja.

Tulifikia kwa mjomba wa mjukuu. Adhuhuri rafiki yangu akaja mpaka getini kutoka Shumaisi, amevaa sare yake ya usafi, ameshika mfuko wa plastiki kwa vidole viwili.

"Shika dawa yako," akasema. "Lakini iliungua kidogo, hapa kwa kona. Hiyo ni siku ya ugali."

Nikakitoa mfukoni. Kilinuka bizari na siki. Kilisema NA SA, na baada ya A kulikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa kiganja. Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amekifanyia lile lile nililokikatia. Akanitazama usoni, akaacha utani, akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia ndiyo, zamani.

Mjukuu alipokiona hakusikitika kama mimi. Alipiga picha vipande vitatu, akavipanga kwenye kompyuta, akaanza kuorodhesha maneno yanayoanza na SA kana kwamba yuko kwenye mtihani. Nikamwambia amweleze Bibi kabla ya kwenda. Akaahidi. Nikamwambia tena. Akaahidi tena. Kisha woga ukamshika, akabadilisha abaya mara mbili, na nilipomwona anapanda gari nikajua hakusema lolote.

Mkahawa ulijaa wanawake na wanaume wachache, alasiri, harufu ya kahawa na iliki kila mahali. Tuliwekwa mstari wa mbele. Mjukuu alizungumza kwa Kiarabu kizuri, na mimi ninakifuata ikiwa hakikimbizwi. Alieleza habari za yule wa kisiwani, na yule msichana wa kumi na tisa, na mwalimu wa nyota. Alipofika kwa yule wa joho, alisema kwamba kuna mwanamke nyumbani kwao aliyemuuliza nani alikuwa akiwafulia, na kwamba vitabuni hajapata jibu. Nilijiweka sawa kitini, nikanyoosha shingo, nikasahau kwa dakika nzima kwamba mimi ni mkosaji.

Ndipo akabonyeza, na ukutani yakatokea matambara matatu makubwa kuliko mlango.

Bibi haoni karibu, lakini kitu kikubwa cha mbali anakiona. Vidole vyake vikanibana kifundo cha mkono.

"Ile kanga ya mama."

"Ndiyo, Bibi."

"Imekuwaje vile?"

"Nimeikata mie."

"Umeikata." Akavuta pumzi. "Hukuisoma?"

"Sikuisoma, Bibi."

Mbele yetu mjukuu alikuwa akieleza jinsi maneno ya wanawake yanavyosalimika kwa bahati, jaani na jikoni.

"Na weye mtu wa Mombasa," akasema Bibi.

Nimewahi kutukanwa na madam, na kafili wangu wa kwanza, yaani mwajiri mdhamini, aliwahi kunipigia kelele mbele ya wageni. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nililia pale pale, kimya, nikijifuta kwa ncha ya mtandio, na yeye hakuniachia mkono, ila sikujua kama ananishika au ananizuia nisikimbie.

Mjukuu akasema kwamba mwisho wa mstari haujulikani. Akatoa mapendekezo matatu kama wafanyavyo wataalamu. Huenda ni "na sababu", akasema, hapo lingekuwa swali la kifalsafa. Huenda ni "na salamu", lingekuwa la upatanisho. Au "na sauti", naye hilo ndilo alilolipenda, kwa sababu lingekuwa la kishairi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mkono wa Bibi ukaanza kugonga juu ya mkono wangu, taratibu. Alikuwa akinong'ona. Mlisema sitapika. Mbona mmekuja. Akarudi mwanzo. Kidole kikagonga, kikasimama, kikagonga. Mara ya tatu au ya nne akainua kichwa.

"Sahani," akasema.

Nikamgeukia. Alikuwa ameshasimama, mdogo, ameshika bakora.

"Sahani, mwanangu. Sababu gani, salamu gani? 'Mlisema sitapika, mbona mmekuja na sahani.'"

Mjukuu akaitafsiri kwa Kiarabu, na wanawake wakaangua kicheko, kwanza wazee, halafu wote. Kuna aliyetaka atafsiriwe mara ya pili ili aiandike. Bibi hakungoja kukaribishwa. Alisimulia kwa Kiarabu, hapo hapo aliposimama, jinsi mama yake alivyoolewa mdogo, na mawifi wakatangaza mtaa mzima kwamba mke wa kaka yao hajui kupika. Siku ya Idi akapika. Harufu ilipofika kwao, mawifi wale wale wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na sahani yake chini ya buibui. Akawapakulia. Hakusema neno. Wiki iliyofuata akaenda kwa mfanyabiashara wa kanga, akasema neno lake huko. Na kanga ilipotoka, mawifi waliipenda sana, wakainunua, wakaivaa harusini doti mpyampya, hawakujua inamsema nani.

Mwalimu mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza kwa upole jina la mshairi huyo.

"Silitaji," Bibi akasema. "Wajukuu wa wale mawifi wako Bani Malik, Jidda, mpaka leo. Tunapelekeana futari."

Lakini mjukuu aliposhuka, Bibi alimvuta kichwa akamnong'oneza jina lile sikioni. Mimi nilikuwa karibu na masikio yangu hayahitaji miwani. Msichana akalirudia taratibu, mara mbili, kwa midomo tu. Alikuwa hajawahi kulisikia.

Nilidhani yameisha kwa kicheko. Kwenye ndege ya kurudi Bibi hakunisemesha. Saa nzima na zaidi, hata chai hakuitukana. Mtu ambaye kazi yake ni kubishana, akinyimwa wa kubishana naye, hajui mikono aiweke wapi. Nilisoma karatasi ya usalama wa ndege pande zote mbili, na miwani niliivaa, na abiria wote walioniona waliniona. Magurudumu yalipogusa ardhi ya Jidda ndipo akasema.

"Utaishona."

"Nitaishona, Bibi."

"Na usinifichie mshono. Nataka niupapase."

Nilishona wiki nzima, alasiri, nikiwa nimekaa miguuni pake. Vipande vinane, na kanga ikarudi ikiwa fupi kwa shubiri moja, maana mshono unakula nguo. Kwenye lile tundu la moto nilitaka kuweka kiraka, Bibi akakataa. Alipitisha vidole akikagua kama mwalimu wa chuoni, akinionyesha palipopinda. Siku ya tatu akaanza utani. Siku ya nne akasema kwamba yeye pia ana maneno yake kichwani, mengi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikaenda kuchukua daftari. Alisema nivae miwani kwanza.

Ni katika kushona huko ndipo nilipomkumbuka mama yangu vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za harusi kwetu, za wanawake watupu, vijembe kwa mama mkwe na vicheko kwa bwana harusi. Alikuwa akizitunga akiwa anachambua mchele. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nikiona haya, nikikimbilia jikoni na wenzangu kumcheka. Nikajaribu kukumbuka hata wimbo mmoja. Nilipata nusu ya nusu, kitu juu ya mtu aliyeficha sukari, na hapo pakakatika.

Nikampigia. "Mama, zile nyimbo zako za harusi, niimbie."

"Daktari kakwambia nini?"

"Hakuna daktari."

"Basi madam wako kafa?"

"Hajafa, Mama. Nazitaka tu."

"Nyimbo za harusi, mchana huu, na harusi hakuna," akasema. "Kuna kitu hunambii."

Akakubali kuzirekodi kwenye simu ya dada yangu, anitumie. Sasa ninazo rekodi kumi na moja. Kwenye tatu kuna jogoo wa jirani. Kwenye moja anaimba vizuri kabisa, ule wa sukari, anafika katikati anasahau, anacheka, anasema, "Malizia wewe, si ulikuwepo." Hiyo huwa siwezi kuisikiliza nikiwa napika.

Ya kwanza kabisa ni ya sekunde nne. Anasema, "Haloo? Inashika hii? Mbona haisemi?" kisha basi. Mjukuu, ambaye ndiye anayenisaidia kuzipanga, aliniambia niifute hiyo, kwa sababu haina shairi ndani yake. Nimekataa.